Barua Yetu ya Kukataa Uzazi wa Bure

Barua ile niliiandika kwa mkono wangu, juu ya meza ya darasa la tano, watoto wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Maneno yalikuwa ya watu wengi, lakini mimi ndiye niliyeyatafutia Kifaransa cha kufaa macho ya serikali. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa karani wa kamati ya afya ya mtaa wetu, na nilikuwa binti wa fundi wa reli. Kwa hiyo kila karatasi iliyohitaji kuandikwa ilikuja kwangu. Siku hiyo niliandika kwa raha. Nakumbuka nilisoma sentensi ya mwisho mara tatu, si kwa kutafuta makosa, ila kwa sababu ilinipendeza.

Mtaa wetu uko upande wa pili wa reli, upande usio na hospitali. Walioujenga ni wafanyakazi wa reli waliotoka kila mahali, wakaoa hapa Kamina, wakapata watoto wanaosema Kiluba na bibi zao na Kiswahili barabarani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Enzi zake, mke wa mtu wa reli akishikwa na uchungu alikuwa na zahanati ya reli, na mkunga, na shuka safi. Baadaye reli ikapata taabu zake, zahanati ikabaki kuta, na wanawake wakaanza kujifungulia majumbani. Kuna waliokufa. Mmoja alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na mama yangu ndiye aliyemnyonyesha mtoto wake miezi ya kwanza, pamoja na mdogo wangu.

Ndipo wanawake wa mtaa walipoomba nyumba moja ya zamani, walimokuwa wakilala madereva wa treni kati ya safari na safari. Bati lilikuwa limetoboka, mbuzi wameingia. Walifyatua matofali wenyewe, wakayachoma, waume wao wakapanda juu kuezeka. Mdogo wake mama yangu, aliyekuwa mkunga wa zahanati ya reli mpaka alipostaafu, akaingia humo na vitanda vitatu na meza moja ya chuma. Tuliiita maternité, kama tunavyosema hapa, ingawa mgeni angeona nyumba ya vyumba viwili tu yenye ua wa udongo. Mwenye kujifungua alileta alichonacho: unga wa mahindi, makaa, mafuta ya mawese, pesa kama zipo. Wake wa wakulima walitoka hata vijijini kwenye njia ya Kaniama, wamekaa nyuma ya baiskeli, wamejifunga vikwembe viwili kwa ajili ya baridi ya asubuhi.

Mama mdogo ni mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Aliwafanya wanawake watembee uani mpaka walie. Waume waliokuja wamekunywa aliwarudisha mlangoni. Alinizalisha watoto wangu wote wanne, na nusu ya wanafunzi niliowafundisha kusoma walikuwa wamepita mikononi mwake kabla ya kufika kwangu.

Habari ya uzazi wa bure tuliisikia kwanza kanisani, baada ya misa, halafu redioni. Serikali imeamua: mwanamke hatalipa tena kujifungua. Tulifurahi. Kuna mama mmoja mjamzito aliyecheza pale pale mbele ya kanisa, na hakuna aliyemzuia. Wiki chache baadaye ikaja karatasi ya pili, nayo ilikuwa na orodha. Bure hiyo ingetolewa katika nyumba zilizoandikwa tu, zenye daktari au mkunga wa diploma, maji ya bomba na chumba cha upasuaji karibu. Nyumba nyingine ziache kabisa kuzalisha; zibaki kupima uzito na kuchanja watoto. Yetu haikuwemo.

Daktari wa ofisi ya afya alikuja mwenyewe kutueleza. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyevaa viatu vilivyojaa vumbi jekundu kama vyetu, maana alikuja kwa miguu kutoka kwenye barrière, pale barabara inapokata reli. Tulimkaribisha ndani ya kanisa, akasimama mbele ya viti akisema Kiswahili cha kwetu.

"Bamama, hatukukuya kubanyanganya kintu. Tunaleta."

"Munaleta nini, munganga?" Mama mdogo aliuliza bila kusimama.

"Kuzala bure."

"Bure iko kule. Sisi tuko huku. Treni ya mizigo ikisimama pa barrière, mwanamuke mwenye uchungu atapita wapi?"

"Motokari ya bagonjwa itakuya."

"Iko wapi leo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alingoja kelele zitulie, akamgeukia mama mdogo.

"Mama, nikuulize na minyi. Mutoto akikatala kutoka, hapa utafanya nini?"

"Nitamutuma mama yake kwenu. Njo nafanyaka miaka yote."

"Saa gani? Pale unaanza kuona mambo haiko sawa, ao pale yote imekwisha kuharibika?"

Mama mdogo alimwangalia tu. Kisha mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa dereva wa treni, akasimama na kusema kwamba mtu haulizi mkunga aliyezalisha mtaa mzima swali la namna hiyo, na makofi yakapigwa, na mkutano ukaendelea na mambo mengine. Mimi nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari la kamati. Swali lile sikuliandika. Nilijiambia halina haja, kwa kuwa halikupata jibu.

Barua yetu ilisema tunakataa orodha. Hatukukataa bure, tulikataa kufungiwa nyumba yetu kwa jina la bure. Tuliomba mambo matatu. Maternité yetu iendelee, na kila familia iendelee kuleta inachoweza kama tulivyozoea. Aletwe mkunga wa diploma afanye kazi pamoja na mama mdogo, ajifunze kwake na yeye ajifunze kwa mkunga huyo. Na iwekwe upande wetu wa reli pikipiki yenye kitanda cha kubebea wagonjwa. Mpaka hayo yafanyike, wanawake wetu wataendelea kujifungulia katika maternité yetu. Watu walitia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka kidole. Wanaume ambao kamwe hawakunisalimia walinisimamisha sokoni kuniambia kwamba nimewasemea vizuri.

Jibu halikuja. Basi tukaendelea.

Wakati huo mkwe wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwanangu wa kwanza alikwenda kutafuta kazi Kolwezi akaniachia mkewe, na tuliishi vizuri sisi wawili. Alikuwa msichana wa upande wa Malemba-Nkulu, mwembamba, mwenye nyonga nyembamba pia, ingawa hilo sikulifikiria wakati huo. Familia yake ilikimbia wanamgambo alipokuwa bado mdogo. Katika kukimbia, dada yake alishikwa na uchungu porini, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Hadithi hiyo alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuirudia tena.

Siku moja mchana, akiwa anasonga bukari, alisema bila kuniangalia:

"Mama, minyi nataka kuzalia kule, kwenye iko munganga wa kupasula."

"Juu ya nini? Mama mudogo njo alizalisha bwana yako. Alizalisha na ndugu zake bote."

"Najua, mama."

"Sasa bantu batasema nini? Minyi njo niliandika ile barua. Mukwe yangu akivuka reli, barua itabakia na maana gani?"

Aligeuza mwiko mara mbili, tatu.

"Ndiyo, mama."

Sikumpigia kelele. Sikumkataza. Mtu akiniuliza leo nilimfanya nini, ni hayo tu: nilimwambia maneno machache kwa sauti ya upole, na yeye akawa na heshima. Mkwe wa kwetu habishani na mama wa mume wake. Nilijua hilo nilipokuwa nikisema.

Uchungu ulimshika Jumatatu alfajiri. Jua lilipotoka tulikuwa tumekwisha fika kwa mama mdogo, tukitembea pole pole, yeye akisimama kila baada ya nyumba mbili na kushika ukuta. Mama mdogo alimpima, akasema njia bado, mtoto wa kwanza hana haraka. Nilikwenda shuleni kufundisha. Mchana nilirudi, bado. Jioni, bado. Alitembea uani kama wote, lakini hakulia, na nadhani hilo lilitudanganya.

Jumanne asubuhi mama mdogo aliniita pembeni, kwenye lundo la matofali yaliyobaki tangu ujenzi. Alikuwa ameshika ile pembe ya mti anayosikilizia moyo wa mtoto tumboni.

"Mutoto anaanza kuchoka," alisema. "Tumupeleke kule."

Nilitazama barabara. Kulikuwa na wanawake watatu wa kamati wamekaa kwenye kizingiti, wamekuja kungoja habari njema. Wiki moja tu kabla, mmoja wao alimsema vibaya mama fulani aliyevuka reli kwenda kujifungua kwenye nyumba ya orodha ya serikali; alisema amekwenda kuuza mtaa kwa sabuni moja na neti ya mbu. Mimi nilikuwepo, nilicheka.

"Tungoje kidogo, mama mudogo," nikasema. "Saa moja tu. Pengine njia inafunguka."

Yeye ndiye mkunga, na mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Angeweza kunifukuza uani kama alivyowafukuza waume walevi. Lakini na yeye aliwaona wale watatu.

"Saa moja," akasema.

Saa moja ikawa karibu mbili. Mkwe wangu alikuwa ametusikia; aliponiona nimeingia peke yangu, bila mtu wa pikipiki, aligeuza uso ukutani.

Tulipoondoka hatimaye, alikaa katikati ya mwenye pikipiki na mimi, nimemkumbatia kutoka nyuma, mama mdogo akitufuata kwa pikipiki ya pili. Tulifika kwenye barrière tukakuta treni ya mizigo imesimama. Ilikuwa ndefu, huoni mwanzo wala mwisho wake. Wachuuzi walikuwa wamekaa kivulini mwa mabehewa kama watu wanaojua kwamba haitaondoka leo. Mlinzi wa reli alisema kichwa cha treni kimeharibika, wanangoja kingine.

"Tunavuka," mama mdogo akamwambia.

"Mama, likishituka litabakata."

"Basi wende umwambie dereva asilishitue."

Yule mlinzi alikwenda kweli, akikimbia kandokando ya treni huku ameshika kofia. Tulingoja arudi. Wanaume wanne, ambao siwajui hata leo, walimlaza mkwe wangu ndani ya kikwembe changu, wakampandisha juu ya vyuma vinavyounganisha behewa na behewa, wawili huku, wawili kule. Alishika chuma kwa mkono mmoja na hakutaka kukiachia. Mama mdogo alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja akimsemesha kwa Kiluba, pole pole, kama anavyosemeshwa mtoto. Upande wa pili hakukuwa na pikipiki. Ilipatikana, lakini haikupatikana upesi.

Pale kwenye nyumba ya orodha kulikuwa kumejaa. Tangu bure ianze wanawake walitoka kila upande, na kitanda kimoja kilibeba wawili, kichwa na miguu. Hata hivyo walimpokea mara moja, hilo siwezi kulikana. Muuguzi aliyeshika kalamu aliuliza uchungu ulianza lini.

"Jana jioni," nikasema.

Mkwe wangu alikuwa amelala kwenye machela, macho amefumba. Aliyafumbua.

"Hapana," alisema. "Jana alfajiri. Mbele ya jua."

Muuguzi aliandika. Hakunitazama, na mimi nilimshukuru kwa hilo. Katika muda wote tuliokaa pamoja, ndiyo mara pekee mkwe wangu alipokanusha neno langu mbele ya mtu.

Walimpasua. Mtoto alitoka hai, wa kiume, lakini hakulia. Tulikaa ukumbini, mimi na mama mdogo, tukisikiliza kilio ambacho hakikuja, na yeye alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti, kwa sababu anajua mtoto asipolia inahesabiwa nini. Baada ya muda mrefu sana tulisikia kitu kama paka mdogo. Mama mdogo aliacha kuhesabu, akafunika uso kwa mikono yake.

Siku ya tatu mtoto alishikwa na degedege. Ikapita, ikarudi, ikapita. Tulirudi nyumbani baada ya wiki mbili, na watu walikuja kutupongeza, wakaleta unga na kuku. Alipofika miezi minne shingo yake ilikuwa bado inaanguka. Nilijua kabla ya kuambiwa. Nimewaona watoto wengi. Muuguzi alitueleza kwamba ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwamba kama angetolewa mapema zaidi pengine isingekuwa hivi. Alisema "pengine" mara mbili. Mkwe wangu aliuliza kama mtoto atatembea. Muuguzi akajibu kwamba tutaona, na kwamba kuna mazoezi.

Mwanangu alikuja kutoka Kolwezi, akambeba mtoto, akauliza ilikuwaje. Nilikuwa nimefungua kinywa.

"Treni ilisimama pa barrière," mkewe akamwambia.

Sikujua kama ananilinda mimi, au anamlinda mumewe asimchukie mama yake, au amechoka tu. Mimi nilifunga kinywa.

Na mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Treni. Si tuliandika? Si mkunga wetu alimwambia yule daktari usoni? Mwenyekiti alikuja kwangu na wazee wawili, wakaketi, wakanipa pole, kisha akasema kilichomleta.

"Mama karani, uandike barua ya pili. Basome sasa, bataona. Mjukuu wako njo ushuhuda."

Nilikwenda tena kwenye darasa la tano, baada ya watoto kuondoka. Niliandika habari ya treni: mabehewa, mlinzi, wanaume wanne. Yote yalikuwa kweli. Tulisimama pale labda nusu saa, na huenda nusu saa ile ndiyo iliyoharibu kila kitu, hakuna anayejua. Lakini kabla ya nusu saa ya treni zilikuwepo saa mbili zangu. Na kabla ya hizo ilikuwepo siku nzima ya Jumatatu. Na kabla ya hiyo, bukari ile na "ndiyo, mama" ile. Niliona kwamba nikiandika treni peke yake nitakuwa nimemtumia yule mtoto mara ya pili. Basi nikaandika yote. Niliandika hata swali la daktari ambalo nililiacha nje ya daftari. Niliandika kwamba bado tunataka mkunga wa diploma, bado tunataka pikipiki upande wetu, kwamba orodha ile imetengenezwa na watu wasioijua reli. Na nikaandika kwamba mimi, karani wa kamati, nilimzuia mkwe wangu kwa sababu ya barua yangu mwenyewe.

Niliisoma mbele ya kamati, kanisani. Nilipomaliza hakuna aliyetazamana nami isipokuwa mwenyekiti.

"Barua hii haiendi," alisema. "Ikienda, batafunga nyumba."

"Iko kweli, papa."

"Kweli yako weye. Nyumba ni yetu sisi bote."

Wengine walimuunga mkono. Mama mmoja alisema nimeuguza mtoto mpaka akili imechoka, nisamehewe. Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Alisimama, na kwa kuwa yeye hazungumzi ovyo, wakanyamaza. Alisema kwa Kiluba, na Kiluba chake ni cha zamani, kwa hiyo naweka maana tu. Alisema ile saa tuliingoja sisi wawili. Alisema mimi si mkunga, sikujua ninachongoja, yeye alijua. "Umeandika jina lako peke yako," aliniambia. "Andika na langu." Kisha akatoka nje, na kesho yake akamletea mwenyekiti ufunguo wa maternité umefungwa kwenye kitambaa.

Kamati haikuituma barua. Niliipeleka mwenyewe, ikiwa na majina yetu mawili. Yule daktari kijana aliisoma yote mezani kwake, taratibu, akirudi nyuma mahali fulani. Nilitegemea afurahi, maana ilimpa haki. Hakufurahi.

"Mama," alisema, "mkunga na pikipiki, minyi mwenyewe nimelomba juu kabisa. Mara nyingi kuliko nyinyi. Sijajibiwa."

"Sasa kwa nini ulitwambia itakuya?"

"Niliambiwa itakuya."

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, yote pamoja. Aliniuliza habari za mtoto. Nikamwambia.

Haukupita muda ikaja amri: nyumba yetu isizalishe tena. Sijui kama ilikuja kwa ajili ya barua yangu au ilikuwa njiani tangu zamani. Mwenyekiti anajua jibu lake, na mpaka leo akipita mbele ya kwangu husalimia mti wa mlangoni, si mimi. Kuna watu wanaosema nimeuza matofali ya mama zetu. Mmoja wao ni yule mama aliyecheza mbele ya kanisa siku ya kwanza. Alipopata mimba nyingine na siku yake ikafika, alikwenda huko kwenye bure, na aliambiwa anunue uzi wa kushonea na glovu, kwa sababu za bure zilikuwa zimekwisha. Alinieleza hayo kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyezimaliza. Nami bado nakataa orodha ile. Naikataa kama siku ya kwanza. Ila sasa nikisema hivyo mkutanoni, wapinzani wa serikali hawanitaki na watu wa serikali hawanitaki.

Lililosaidia kidogo lilitoka kwa mkwe wangu. Tulikuwa tunamnyoosha mtoto miguu, mazoezi tuliyofundishwa, mmoja kushoto mmoja kulia.

"Mama, juu ya nini banamuke bangoje uchungu njo bavuke reli?" aliuliza. "Bavuke mbele. Balale kule, bangojee kule."

Nilibaki nimeshika mguu mdogo ule. Tulikuwa tumeandika kurasa, tumepiga makofi, tumepiga vidole kwenye wino, na hakuna aliyesema jambo hilo. Kwa kweli hakuna aliyemuuliza. Mjane mmoja anayeishi karibu na ile maternité ya serikali alikubali kutoa chumba chake cha nje. Wake wa mtaa wetu wakifika mwezi wa tisa huenda kulala pale, na ndugu zao huwapelekea chakula. Wengine hukataa, wana watoto wengine nyumbani, wana mashamba. Wawili tangu hapo wamejifungulia majumbani, kwa siri, na hatujui aliyewasaidia. Mama mdogo anasema si yeye. Namwamini. Anakuja kwangu kila alasiri kumkanda mtoto, na akimkanda hazungumzi.

Mtoto alipokaribia miaka miwili aliweza kukaa, akiegemezwa mito miwili. Alicheka sana, kuliko watoto wengine. Mwanangu, aliyekuwa amerudi kazini Kolwezi, alisikia kwamba huko kuna mahali wanapowafanyisha mazoezi watoto wa namna yake kila siku, akatuma habari kwamba mkewe na mtoto wamfuate. Mkwe wangu alifunga mizigo kwa siku moja.

Asubuhi ya kuondoka tulisimama kando ya lori tukingoja wapakie magunia ya mahindi. Alinipa mtoto nimshike wakati yeye anafunga kamba ya sanduku. Nilikuwa nimekaa na maneno yangu miezi na miezi, nimeyaandika hata serikalini, lakini yeye sikuwahi kumwambia uso kwa uso. Nikamwambia. Nilisema nilimkosea, na sikutaja treni.

Alikaza kamba kwa mguu. Nilidhani hakusikia.

"Mama," alisema, "nikipata mimba ingine, nitazalia fasi nitachagua minyi."

"Ndiyo," nikasema.

Alichukua mtoto, akamfunga mgongoni, akampangia kichwa vizuri kwa sababu shingo ikichoka inalala upande. Dereva akaita. Alinipa mkono akipinda magoti kidogo, kama mkwe anavyompa mama, akapanda.

Nilipita shuleni, nikarudi kwa miguu alasiri. Nyumbani nilimkuta mama mdogo amekaa kizingitini, amekunja mikono ya blauzi, tayari kumkanda mtoto. Sikuwa nimemwambia kwamba wanaondoka asubuhi ile. Niliona uzito kumwambia, nikaahirisha.

"Wamekwenda?" akauliza.

"Wamekwenda."

Alishusha mikono ya blauzi yake, mmoja, halafu wa pili. Akasogea kidogo ili nami nipate mahali pa kukaa.